Msafiri wa Kasulu Ale Nini?

Safari yetu ya karibuni katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma ilitufikisha Titye, katika Wilaya ya Kasulu, na huko tuliona jambo ambalo twaona haifai kulinyamazia. Si jambo la kashfa, wala hapana mtu aliyeiba fedha za umma. Ni jambo la chakula. Huenda wapo wasomaji watakaotabasamu wakiona ukurasa huu, ambao kwa desturi hushughulika na bei za mazao, mishahara na kazi za halmashauri, leo ukinena habari za sufuria. Twawaomba wavumilie kidogo, maana ndani ya sufuria hiyo mna mazao, mna mishahara, na halmashauri pia imo.

Ilikuwa yapata saa saba mchana, nasi tulikuwa na njaa ya watu waliosafiri tangu alfajiri. Tuliingia katika nyumba ndogo ya chakula iliyo kando ya barabara. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitukaribisha kwa heshima, akatuletea maji ya kunawa, kisha akatutajia alivyo navyo: chipsi na mayai, wali kwa maharage, na soda. Tulimwuliza kama hana ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Akacheka kwanza, kisha akatuambia, "Hicho ni chakula chetu cha nyumbani, baba. Wageni kama ninyi nitawawekeaje?" Nasi pua zetu zilikuwa zimekwisha kutuambia ya kwamba nyuma ya nyumba ile mawese yalikuwa jikoni. Yaani mama yule na watoto wake walikuwa wakijipikia kile kile tulichokitaka, na sisi tukauziwa viazi vilivyokaangwa kwa mafuta yaliyovuka bahari.

Neno lile la "chakula cha nyumbani" ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mama yule hakulisema kwa uvivu wala kwa ujinga. Amefundishwa hivyo, na waliomfundisha ni wengi: abiria anayeshuka katika basi na kuuliza chipsi kabla ya kuuliza habari za mahali alipofika, mtumishi aliyehamishiwa Kasulu akaja na vyombo vyake na desturi zake, hata kijana wa pale pale aliyekaa mjini miaka miwili na kurudi akikunja pua. Kwa hao wote mama amejifunza kwamba kitu kikitoka ziwani mwetu na mashambani mwetu, mahali pake ni jikoni, na kikitoka mbali ndicho cha kuwekwa mezani. Sisi twasema kwamba mafundisho hayo ni ya uongo, na tena yana hasara iwezayo kuhesabiwa kwa shilingi.

Kwa ajili ya wasomaji wetu wa Pwani, wa Kusini na wa Kaskazini, ambao hawajapata kukaa mbele ya sahani hiyo, yafaa tueleze ni chakula gani tunachokinena. Ugali wake ni wa muhogo. Muhogo mchungu haupikwi hivi hivi, kwa kuwa una sumu. Huchimbwa, ukamenywa, ukalowekwa majini siku tatu au nne hata ulainike na kuvunda, kisha ukaanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Hapo huitwa udaga, ndipo hutwangwa au kupelekwa mashineni. Kazi hiyo ni ya mikono, na mikono yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya wanawake; mwenye haraka asiyeuloweka vya kutosha huweza kuwadhuru watu wa nyumba yake. Ugali wake huvutika, ni laini, na una harufu yake ambayo mgeni huikunjia uso siku ya kwanza na kuitafuta siku ya tatu.

Kitoweo chake ni mgebuka, au dagaa. Mgebuka ni samaki mrefu mwembamba, mwenye rangi ya fedha, jamaa ya sangala, na katika dunia nzima hana makao ya asili ila Ziwa Tanganyika. Chakula chake yeye mwenyewe ni hao hao dagaa, kwa hiyo alaye mgebuka amekula na dagaa pia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutoka na taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, wakakaa juu ya maji wakingoja dagaa wakusanyike chini ya mwanga, kisha wakainua wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, na wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu zao. Asubuhi vyombo huingia katika mialo ya Kibirizi na Katonga, na akina mama waliokwisha kungoja tangu kabla ya jua kuchomoza hununua, wakaanika, wakageuza, wakaokota kila dagaa aliyeanguka. Dagaa aliyeanikwa juu ya kichanja hana mchanga, na mama mwenye jina zuri sokoni hutambuliwa kwa hilo.

Ndipo tunafika kwenye mawese, ambayo kwa kweli ndiyo yanayokifanya chakula hiki kuwa cha Kigoma na si cha mahali pengine. Mchikichi hupandwa na mtu mwenye miguu imara. Hukata mikungu, matunda yakapukutwa, yakachemshwa katika pipa, yakapondwa au kukamuliwa kwa mashine ya mkono, na mafuta mekundu yakaelea juu. Kokwa nazo hazitupwi. Kiini chake, ambacho watu wa huko hukiita mise, hukamuliwa mafuta mengine, na sabuni hupatikana. Wekundu wa mawese ni dawa ya macho, maana ndani yake mna asili ya vitamini A. Lakini wapo wapishi wanaoyaunguza mpaka yawe meupe ili yafanane na mafuta ya dukani! Huko ni kulipa kuni ili kuharibu dawa.

Mgebuka hubanikwa kwanza juu ya makaa, au hukaushwa, kisha hutiwa katika mchuzi wa mawese pamoja na nyanya, kitunguu, nyanya chungu kama zipo, na pilipili. Kisamvu au matembele hupikwa kando. Katika nyanda za juu, ambako maharage hustawi sana, maharage nayo huungwa kwa mawese, na dagaa wachache wakitiwa humo hapana atakayeuliza nyama iko wapi. Na chumvi? Chumvi ni ya Uvinza, ambako chemchemi za maji ya chumvi zimechemshwa na watu kwa muda unaozidi miaka elfu moja, kama wachimbuzi wa mambo ya kale walivyothibitisha. Angalia basi: muhogo wa mlimani, samaki wa ziwani, mafuta ya mabonde ya karibu na ziwa, chumvi ya Malagarasi. Hapana hata kitu kimoja katika sahani hiyo kilicholipiwa fedha za kigeni.

Wala sahani hiyo haikuanza jana. Kabla ya mzungu yeyote kuliona Ziwa Tanganyika, watu wa milimani walikuwa wakishuka na mbuzi, nafaka na maharage mpaka Ujiji, wakapanda tena na samaki, mawese na chumvi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuta soko lililokwisha kuwa na samaki na mawese yake, na Burton akaandika habari za dagaa katika kitabu chake. Kwa hiyo mtu wa Kasulu aliyekula mgebuka alikuwa akila matunda ya biashara yake mwenyewe, biashara ambayo hakufundishwa na mtu.

Halafu wakaja Wajerumani, reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na baada yao wakaja Waingereza. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliihesabu nchi ya Waha kuwa ghala la vibarua. Hapakuwa na zao kubwa la fedha lililotiliwa mkazo huko, na kodi ilitakiwa vile vile. Basi vijana wakachukuliwa kwa maelfu kuwa manamba katika mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha shirika lao la kuandikisha vibarua mwaka 1944. Reli iliyojengwa ipeleke bidhaa ikapeleka watu. Tunayataja haya kwa sababu moja tu. Mtu aliyetoka Titye akaenda kukata mkonge Korogwe hakuondoka kwa kuwa kwao hakuna chakula. Aliondoka kwa kuwa chakula cha kwao kilikuwa hakina soko. Na pale mtu wa barabarani anapomwambia mgeni kwamba mgebuka ni wa jikoni tu, chakula kile kile kinanyimwa soko kwa mara ya pili, na safari hii mkoloni hayupo wa kulaumiwa.

Tuangalie wenzetu wanavyofanya. Huko Japani, katika kisiwa cha Shikoku, uko mkoa uitwao Kagawa, ulio mdogo kwa eneo kuliko mikoa yote 47 ya nchi ile. Mvua zake ni haba, na tangu zamani wakulima wake walilima ngano pamoja na mpunga. Kwa unga wa ngano, maji na chumvi, watu wa Kagawa hutengeneza tambi nene nyeupe ziitwazo udon, na jina la kale la nchi yao, Sanuki, limeshikamana na tambi hizo hata leo. Supu yake hutengenezwa kwa nini? Kwa samaki wadogo waliochemshwa na kukaushwa, wa ukoo ule ule wa dagaa wetu! Msomaji wa Kibirizi angeingia katika jiko la Kagawa asingehitaji mkalimani wa kumweleza harufu ile.

Lakini jambo tunalotaka kulisisitiza ni hili. Udon ni chakula cha mkulima na mfanyakazi. Katika nyumba nyingi za kuuzia, mteja hujichukulia bakuli mwenyewe, akazipasha moto tambi zake katika maji yanayochemka, akajimiminia supu, akala haraka na kurudi kazini. Nyumba nyingine ni karakana za kutengenezea tambi zenyewe, na mteja hula karibu na meza ya kukandia unga. Hapana aliyesema kwamba chakula hicho ni duni mno kwa mgeni. Kinyume chake, mwaka 2011 wakuu wa mkoa waliutangaza mkoa wao kwa jina la Mkoa wa Udon, na watu husafiri kutoka pande nyingine za Japani kwa ajili ya kuzunguka nyumba hizo, wakila bakuli dogo hapa na bakuli dogo pale. Katika kiwanja cha ndege cha Takamatsu uko mfereji ambao msafiri akiufungua hutoka supu ya udon badala ya maji. Sisi hatudai mfereji wa mawese katika stendi ya Kasulu. Twasema tu kwamba watu wa Kagawa walitazama kile walichokuwa wakila siku zote, wakakiweka mbele ya mgeni bila kuona haya, na mgeni akalipa.

Wala hakuna haja ya kwenda Japani kutafuta mfano. Abiria wa Muheza hununua machungwa dirishani mwa basi. Msafiri anayefika Zanzibar jioni huenda Forodhani, na hatoki bila kuambiwa habari za urojo. Na mgebuka yule yule, ambaye Warundi humwita mukeke, huwekwa mbele ya wageni katika nyumba za chakula za Bujumbura kama fahari ya mji. Samaki ni mmoja, ziwa ni moja, na kutoka Kasulu hadi mpaka wa Manyovu si mbali. Upande mmoja wa mpaka ni samaki wa mgeni. Upande wa pili ni samaki wa kufichwa nyuma ya nyumba.

Yafaa tukiri kwamba haya ya mama wa Titye si sababu pekee. Iko sababu nyingine nzito zaidi, nayo ni kwamba samaki wenyewe hawapandi mlimani kwa wingi. Dagaa wa Kigoma wana sifa nchini kote; katika masoko ya Dar es Salaam huuzwa bei iliyo juu kuliko dagaa wa Ziwa Victoria, na wafanyabiashara hununua magunia pwani na kuyapakia moja kwa moja. Wengine huvushwa kwenda Kongo na Zambia. Hatuwezi kumlaumu mvuvi anayemwuzia yule anayelipa zaidi. Lakini matokeo yake ni kwamba mfanyakazi wa Kasulu au mwalimu wa Kibondo hununua mgebuka mmoja kwa bei ambayo humfanya afikiri mara mbili, na mama lishe hathubutu kununua kumi, asije akalala nao.

Tena ziwa lenyewe limechoka. Kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaana. Wapo walionung'unika, na hatushangai, maana miezi mitatu ni mirefu kwa mtu alaye kwa siku. Hata hivyo sisi twaunga mkono mapumziko ya namna hiyo, kwa kuwa asiyemwachia dagaa nafasi ya kuzaa ameamua kwamba mjukuu wake atasimuliwa tu habari za mgebuka. Jambo ambalo halikufikiriwa vya kutosha ni chakula na kazi ya watu wa mialo katika miezi ile, na hasa akina mama waanikaji, ambao hawana chombo wala wavu, na kwa hiyo ni wepesi wa kusahauliwa fidia na mikopo inapozungumzwa. Na kama dagaa waliokaushwa vizuri wangalihifadhiwa katika maghala ya Kasulu na Kibondo kabla ya kufunga, miezi ile isingalikuwa ya njaa ya kitoweo huko juu. Dagaa mkavu hukaa. Ndiyo faida yake tangu siku za misafara.

Kwa upande wa mawese hali inatia moyo kidogo. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha juhudi ya kufufua zao la michikichi katika mkoa huu, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kutoa mbegu bora za aina ya Tenera. Nchi yetu bado hutumia fedha nyingi kununua mafuta ya kula kutoka nje, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni mawese ya Asia yaliyosafishwa mpaka yakapoteza rangi na jina! Yaani chipsi tulizouziwa Titye huenda zilikaangwa kwa mafuta ya mchikichi wa Malaysia, katika mkoa uliojaa michikichi. Tulipolitafakari hilo njiani hatukujua tucheke au tulie.

Sasa barabara zimebadilika. Lami ambayo watu wa Kasulu waliingojea miaka mingi imefika, na samaki aliyeshushwa Kibirizi asubuhi aweza kuwa Kasulu kabla ya saa ya chakula cha mchana. Hiyo ni neema. Lakini lami ina tabia yake: basi lililokuwa likisimama kila kijiji kwa sababu ya mashimo na magurudumu sasa linapita mbio, na mama aliyekuwa akiuza muhogo wa kuchoma mahali pale pa kusimama anaachiwa vumbi. Reli nayo yaja. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Sisi tunaifurahia reli hiyo kama kila mtu. Hata hivyo tumeona tangu mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwamba madirisha yake hayafunguki na stesheni zake zimezungushiwa ua. Katika treni ya zamani, abiria aliyechoka kwa safari ya siku mbili alinyoosha mkono dirishani, na mkono mwingine kutoka chini ukampa kuku, karanga, ndizi au asali. Maelfu ya watoto walisomeshwa kwa mkono ule wa chini. Je, katika ramani za stesheni za Uvinza na Kigoma, mkono ule umechorewa mahali?

Swali hili twalielekeza kwa wale wanaochora, na si stesheni peke yake. Halmashauri zetu zinapojenga stendi mpya, kwanza huchora maegesho ya mabasi, halafu vibanda vya tiketi, halafu choo, halafu maduka ya kupangisha kwa kodi ambayo mama lishe hawezi kuilipa. Jiko huwa halimo. Mama lishe hujisogeza mwenyewe na mafiga yake mpaka pembeni mwa ukuta, akapika hapo juani na mvuani, kisha siku moja huja mgambo akamwambia kwamba anachafua mji. Twauliza: ni nani aliyechafua? Aliyepika bila maji ya bomba, au aliyesahau kuvuta bomba? Watu wanaosema kwamba chakula cha barabarani ni kichafu, na kwa hiyo kisiwekwe mbele ya mgeni, wametanguliza adhabu mbele ya kosa. Mpeni mama lishe paa, maji, sakafu ya saruji, meko yasiyotoa moshi mwingi, na kodi ya soko iliyo sawa na mfuko wake. Kisha bwana afya aje na daftari lake, nasi tutamwunga mkono akimfungia yule asiyeosha vyombo.

Sokoni Kasulu pangefaa pawe na sanduku moja kubwa la barafu, mali ya akina mama wenyewe katika chama chao cha ushirika, ili samaki wa jana asiharibike na wa leo asiuzwe kwa hofu. Hilo si jambo la wafadhili wala la mpango wa miaka mitano. Ni jambo la kikao kimoja cha madiwani na mkopo mmoja wa wanawake, na mikopo hiyo iko kisheria. Hali kadhalika zile nyumba za wageni za mjini, ambazo hupokea semina na mikutano ya watumishi kila juma, zinunue chakula chao kwa watu wa pale. Mkutano wa maendeleo ya Mkoa wa Kigoma unaolishwa mchele wa mbali na kuku wa barafu ni mkutano ulioanza kushindwa saa ya chakula cha mchana.

Tumekwisha kuambiwa na rafiki mmoja, mtu wa biashara ya mabasi, kwamba tunaota ndoto, kwani abiria hutaka chipsi na mfanyabiashara humpa mtu anachotaka. Hoja yake ina nguvu, wala hatuidharau. Chipsi ni rahisi, hupikwa upesi, hazina miiba, na kijana aweza kuzila akitembea. Lakini abiria hawezi kutaka kitu ambacho hakimo katika orodha. Tulimwuliza rafiki huyo yeye mwenyewe hula nini akifika nyumbani kwake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mkewe ni Mmanyema wa Ujiji, na hapo mazungumzo yakageuka kuwa habari za kuhe na sangala, na jinsi mawese ya msimu mpya yanavyonukia, hata tukasahau tulikuwa tukibishana nini.

Siku ya kurudi tulipita tena kwa mama yule wa Titye. Safari hii tulikuwa tumempelekea salamu jana yake kwa kijana wa pikipiki, kwamba watakuja watu wanne na kwamba hawatakula chipsi. Tulikuta meza imefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Ugali ulikuwa umefinyangwa ukawa mviringo, migebuka wawili wakubwa wamelala katika mchuzi mwekundu, na kisamvu kando. Madereva wawili wa lori waliokuwa wamesimama kununua soda walitazama, wakanong'onezana, kisha mmoja akauliza kama sahani hiyo inauzwa au ni ya watu hawa tu. Mama akatutazama sisi kwanza. Halafu akawaambia wakae, akaingia ndani, nasi tukamsikia akimwita binti yake aongeze maji ya ugali.